Pantoni Isiyo na Watu

Kijana akikuonyesha kazi aliyoihangaikia na kuuliza, "Mnaionaje?", jibu la kiungwana kwetu linajulikana: hongera, kazi nzuri, Mungu akuzidishie. Jibu hilo hutoka moyoni kabisa. Ila halimwachii muulizaji chochote cha kushika anaporudi kwenye kompyuta yake usiku akitaka kujua aanze kurekebisha wapi.

Mpwa wangu, binti, anasomea video chuoni Dar es Salaam, upande wa efekti, yaani kuingiza kwenye picha kitu ambacho kamera haikukikuta. Mwezi Juni alikuja nyumbani Ifakara akiwa na kazi ya muhula: video ya sekunde 90 pamoja na tathmini ya maandishi. Kwenye tathmini alitakiwa aeleze kasoro anazoziona mwenyewe, kisha aandike walichosema watazamaji. Alichagua kuirudisha pantoni kwenye Mto Kilombero.

Kwa msomaji wa mbali: kabla ya Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384 na lililozinduliwa mwaka 2018, aliyetoka Ifakara kwenda Lupiro, Mahenge au Malinyi alikuwa hana budi kusubiri kivuko. Magunia ya mpunga, wagonjwa, maharusi, jeneza linalorudishwa kwao, vyote vilipanga foleni pale ukingoni. Leo gari linapita juu ya mto na abiria aliyesinzia hajui kama amevuka. Binti aliupiga picha mto akiwa ukingoni, akaijenga pantoni kwa programu ya Blender, ambayo hutolewa bure, kisha akaishusha majini. Sekunde moja ya video yake ina fremu 25, kwa hiyo sekunde 90 ni fremu 2,250. Pale matete yalipopita mbele ya chombo ilibidi ayakate kingo zake fremu kwa fremu, huku akiomba umeme usikatike.

Kabla hajamwonyesha mtu yeyote, aliandika orodha ya kasoro zake. Hilo lilinifurahisha sana, kwa sababu maneno ya watu yakitangulia huingia kwenye jicho lako, na baadaye hujui tena lipi uliliona wewe na lipi umeambiwa. Orodha ilikuwa kali. Kingo za matete zinatetemeka. Chuma kimezidi ubluu. Kamera ikigeuka, pantoni inachelewa kidogo kuifuata. Alijisifu mahali pamoja tu: pale wimbi linapoipiga pantoni ubavuni, ikalala upande, kisha ikainuka. Kwa ufundi, alisema, hapo ndipo mkono wake ulipokaa sawa.

Jioni moja tulikusanya watazamaji sebuleni kwangu: wazee wawili wa mtaani, mama mmoja muuza samaki, vijana wa bodaboda na jirani zangu. Binti alitaka kwanza awaeleze alichokifanya. Nikamwomba anyamaze. Bonde hili la Kilombero lina historia ya kunyamaza kwa namna hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika kijiji cha Idete, watoto 586 wa umri wa mwaka mmoja hadi mitano waliingizwa kwenye jaribio la chanjo ya malaria iliyoitwa SPf66. Wengine walichomwa chanjo, wengine sindano isiyo na chanjo ile, na waliowapima hawakujulishwa nani kapata ipi. Sababu ni kwamba mtu anayetamani dawa ifanye kazi huanza kuona nafuu hata pasipo na nafuu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1994 yalionyesha kinga ya asilimia 31, na majaribio yaliyofuata Gambia na Thailand hayakuithibitisha. Chanjo ile haikuendelea, na watu walijua ukweli kwa sababu matumaini yao hayakuachiwa yajihesabie yenyewe.

Basi binti aliandaa kipande kimoja katika sura mbili, moja ikiwa na ile rangi ya chuma aliyoihangaikia mno, nyingine bila marekebisho. Akazionyesha bila kusema ipi ni ipi. Hakuna aliyeona tofauti. Nilimwona akilikunja daftari lake taratibu.

"Sasa niambieni mmeona nini," aliuliza, na hakusema mmeipendaje. Swali hilo liliwafungua midomo. Kuulizwa umependa nini ni kuwekwa kwenye mtihani wa adabu. Kuulizwa umeona nini ni kuaminiwa, na watu wakiaminiwa hujibu.

Mama muuza samaki alianza. "Maji hayana habari kama kuna kitu juu yake." Ni kweli: pantoni ilikata mto lakini nyuma yake hakukuwa na mkia wa wimbi, na matete ya ukingoni hayakutikisika. Katika orodha ya binti, kasoro hiyo haikuwemo kabisa.

Kijana wa bodaboda akasema chombo kinaonekana kama stika iliyobandikwa. Akaulizwa kwa nini. Hakujua. Mgonjwa anajua panapouma, lakini huwezi kumdai ataje ugonjwa. Hiyo ni kazi ya mganga. Binti alikesha akiitafuta sababu na akaipata kwenye kivuli. Ifakara iko kusini ya ikweta, na mwezi Juni jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, kwa hiyo vivuli vyetu huangukia kusini. Yeye alijifunza kuweka taa ya jua kutoka kwenye masomo ya video ya mwalimu wa Ulaya, ambako jua la mchana hukaa kusini mwaka mzima. Pantoni yake ilikuwa inaangaziwa na jua la nchi nyingine. Jicho la yule kijana, lililozaliwa na kukulia chini ya jua hili, lilikataa bila kuweza kusema lilichokikataa.

Kisha mzee mmoja, aliyekuwa kimya, akauliza, "Watu wako wapi?"

Hakika hawakuwepo. Binti alijenga misumari, kamba, kutu, hata mlio wa injini, na hakuweka abiria hata mmoja. "Pantoni haikuvuka tupu, mjukuu wangu. Pale ungeona baiskeli zenye magunia, akina mama na vichanga, kuku. Hiyo uliyotuonyesha ni chuma."

Nilimkumbuka Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, anayetengeneza filamu za mapigano kwa kompyuta alizoziunga kwa vipuri vilivyotumika. Filamu yake ya mwaka 2010, Who Killed Captain Alex?, ina milipuko na helikopta ambazo mtoto wa darasa la nne atakwambia si za kweli. Bado imetazamwa dunia nzima, na kwa maoni yangu sababu ni kwamba imejaa watu: majirani wa Wakaliga wanaojituma mbele ya kamera kwa furaha isiyofichika. Moto wa bandia husameheka mahali penye watu wa kweli.

Lakini neno lililokuwa zito kuliko yote lilihusu lile wimbi. Pantoni ilipolala upande, sebule nzima ilinyamaza. Wengi wetu tunakumbuka Januari 2016, kivuko kilipozama kwenye mto huu. Yule mzee aliinamisha kichwa. "Hapo, mwanangu, usituonyeshe tena." Hakuongeza neno, wala hakuna aliyemdai aongeze.

Kipande kile, kwa vipimo vyote vya ufundi, ndicho kilichokuwa bora. Binti asingeweza kuuona ubaya wake hata kama angejikosoa kwa mwaka mzima, maana haukuwa kwenye picha. Ulikuwa kwa watazamaji, katika kumbukumbu walizokuja nazo. Alikiondoa. Kwenye tathmini akaandika waziwazi kwamba ameondoa kazi yake nzuri kuliko zote, na akaeleza kwa nini. Kuna watakaosema amejipunguzia alama. Mimi naona ukurasa ule una uzito kuliko video yenyewe, na ninatamani kila anayetengeneza picha za nchi hii aandike ukurasa kama huo walau mara moja.

Sasa anawapiga picha abiria. Amewaomba jirani zetu wasimame uwanjani adhuhuri, jua likiwa mahali pake, na mizigo yao halisi, ili awapandishe pantoni mmoja mmoja. Mama muuza samaki amekwisha kuulizia kama beseni lake litaonekana.

Akimaliza ataionyesha tena, kwa wazee wale wale, na nimemshauri aite pia watoto wa darasa la kwanza na la pili. Hao wamezaliwa daraja likiwa limeshafunguliwa na hawajawahi kuona pantoni ikivuka. Wazee wakiona sura za watu wao watajaziliza wenyewe palipopungua. Watoto hawana cha kujazilizia, kwa hiyo wataangalia tu kama kile chombo kinaelea.