Utani Usiorudishika

"Kwenu hasa ni wapi?" Kwenye Hiace ya kutoka Kayanga kwenda Nkwenda, swali hili huulizwa kwa kicheko, na wanaoulizwa ni walewale: mrefu, mwembamba, lafudhi imepinda kidogo. Akijibu Kaisho, huongezewa: "Sawa, na kabla ya Kaisho?" Abiria hucheka. Naye hucheka, maana afanyeje?

Mwaka 1970 Chester Pierce, daktari wa magonjwa ya akili wa Harvard, alilipa jina jambo la aina hii akiandika kuhusu Wamarekani weusi. Tuliite uchokozi mdogomdogo. Je, linatufaa huku, au ufidhuli ni ufidhuli tu?

Maneno hatuyakosi: kijembe, masimango, kebehi. Ila yote humtazama msemaji. Mpiga kijembe anajua anakata nini. Muulizaji wetu hajui. Pengine anaona anachangamsha safari. Hapo Pierce anatusaidia: tuache kupekua moyo wa msemaji, tuhesabu swali moja limetua mara ngapi kwenye bega moja. Konda anayemfokea kila abiria hana adabu, basi. Yeye hachagui.

Kinachonitatiza ni huo "udogo". Karagwe na Kyerwa, wilaya za Hiace yetu, zinatazamana na Rwanda, Mto Kagera katikati. Mwaka 2013 Rais Kikwete aliagiza wahamiaji haramu waondoke, na Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika Kagera, Kigoma na Geita. Watu walioishi huku miaka mingi, wenye wake na migomba yao, wakajikuta ng'ambo. Hata leo anayeomba kitambulisho cha taifa mpakani huulizwa habari za wazazi wake na babu zake. Abiria anatania kwa maneno ya ofisa. Huwezi kupima uzito wa swali lake ukiisahau meza ya yule ofisa.

Mwanasaikolojia Scott Lilienfeld alilalamika mwaka 2017 kwamba dhana ya Pierce haina mipaka. Nusu nakubali, si kila aliyenuna ameonewa. Kipimo changu nakiazima kwenye utani wenyewe, kwa kuwa mtani hujibiwa. Mtu wa Bukoba akiicheka lafudhi ya Mnyambo wa Karagwe, ataitwa nshomile, msomi wa kujidai, kabla hajafunga mdomo, na deni limekwisha. Lakini huyu wa "kabla ya Kaisho" atajibu nini? Anayemuuliza hana ng'ambo ya kurudishwa.