Mwanamke Aliyetoka Katika Dhulma



Miongoni mwa ada mbaya zilizoota mizizi katika miji yetu ya pwani ni hii: mwanamke apigwapo na mumewe hata akakimbilia kwao, neno la kwanza aambiwalo ni, "Subiri, mwanangu, rudi kwa mumeo." Na akishatoka katika ndoa ile, hutazamwa kama mtu mwenye ila. Haya twayanasibisha na dini, na dini iko mbali nayo.

Imepokewa na Abu Daud kuwa Habiba binti Sahl alipigwa na mumewe, Thabit bin Qays, hata akavunjwa. Alikwenda alfajiri kumshtakia Mtume (Rehema na Amani zimshukie). Je, aliambiwa arudi akastahimili? La! Thabit aliamrishwa atwae alichokitoa na amwache, na Habiba akakaa kwa watu wake.

Neno hili la mwisho ndilo la kuzingatiwa: alikuwa na watu wa kumpokea. Judith Herman, tabibu wa Marekani, katika kitabu alichokitoa mwaka 1992, ameeleza kuwa aliyedhulumiwa hupona kwa hatua tatu: kwanza kupata amani, kisha kuyasema na kuyalilia yaliyomfika, kisha kurejea katika maisha na watu. Hatua ya kwanza imo mikononi mwetu. Mwanamke ashtukaye mlango ukigongwa, akosaye usingizi, aombaye ruhusa hata ya kutoka uani, si dhaifu wa imani; ni mgonjwa wa khofu. Wala eda isidhaniwe kuwa ndiyo kipimo cha kupona kwake. Eda ni hukumu ya sheria. Moyo una muda wake.

Akipata kituo, huanza kujiamulia madogo, kisha makubwa: kusoma, kufanya kazi, kulea wanawe bila ya kitisho. Wengi hutoka na nguvu na busara wasizozijua kuwa wanazo. Lakini nguvu hizo si fadhila ya fimbo. Asijisifu nazo aliyepiga.

Qur'ani, katika Sura ya Pili, imekataza kumzuia mke kwa kumdhuru. Na katika Sura ya Nne, wawili wakitengana, Mwenyezi Mungu ameahidi kumtosheleza kila mmoja kwa wasaa Wake. Kadhi yupo. Na sheria ya Kenya ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu na ukatili wa nyumbani yahesabu vitisho na kuiumiza nafsi kuwa ni ukatili, si kipigo peke yake.

Basi, enyi wazazi, mpokeeni binti yenu na msimhesabie siku. Enyi majirani, zuieni ndimi zenu. Nawe dada uliyetoka, jua kuwa kuikimbia dhulma si kumwasi Mola wako.

Mwenyezi Mungu azitulize nyoyo zilizovunjika, na atuongoe sote. Amin.