Usawa wa Kisima

Katika nchi kame ya Mandera, mahali pa kuchimba kisima si swali dogo. Ni swali la haki. Tuwaze maboma matatu ya wafugaji. La kati li kilomita 6 kutoka kila moja la pembeni, na pembe iliyo kwenye boma hilo la kati ni digrii 120. Mzee mmoja asema maji yawe umbali sawa kwa wote. Jiometri yamtii: duara hupitishwa katika maboma yote matatu, na kitovu chake ndicho kisima. Kila boma litatembea kilomita 6, jumla 18.

Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse huko Ufaransa aliyefariki mwaka 1665, aliuliza vingine: ni nukta ipi ambayo jumla ya umbali wake kutoka ncha tatu za pembetatu ni ndogo kuliko zote? Mwitalia Torricelli alimjibu. Pembe zote zikiwa chini ya digrii 120, nukta hiyo imo ndani. Pembe moja ikifika 120, nukta ni ncha ya pembe hiyo yenyewe. Basi kisima kichimbwe katika boma la kati: jumla ni kilomita 12, na walio pembeni hutembea zile zile 6.

Usawa wa mzee, kumbe, haukumpunguzia mtu hatua hata moja. Ulimwongezea jirani tu. Huo naona ni wivu uliovaa kanzu ya haki. Lakini, na hapa hesabu hunyamaza, mwenye maji mlangoni aweza kuyafunga siku ya ukame. Watu wa pembeni hawaogopi kilomita 6, waogopa ufunguo. Mimi ningechimba katika boma la kati, na ufunguo ningewakabidhi wa pembeni.