Mashine Zilizoamini Ni 2009

Shule moja ya sekondari wilayani Kilosa ilikuwa na kompyuta za msaada, zote za umri mmoja, bado zikitumia Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Januari 14, 2020. Akaitwa fundi kutoka Mikumi aziwekee Debian kwa njia ya mtandao.

Ya kwanza ikagoma, ya pili vilevile, hatimaye zote. Kwenye maelezo ya kosa kulikuwa na mstari: cheti cha usalama hakijaanza kutumika. Fundi hakuusoma. Alikwisha kuamua ni mtandao, akabana upya vichwa vya waya, akanunulisha shule swichi mpya. Alipotumia flashi yenye mfumo mzima, kazi ikaenda bila nongwa. “Si nilisema, Mwalimu? Mtandao wenu mbovu.”

Kijana wa maabara akabonyeza F2 wakati mashine inawaka. “Kaka fundi, mbona hapa ni 2009?”

Kompyuta ikichomolewa, saa yake huendeshwa na betri bapa ya CR2032 iliyo kwenye mazabodi. Betri ikifa, tarehe hurudi ile ya kiwandani. Kwa mashine zile, cheti kilichotolewa juzi kilikuwa cha miaka ijayo, zikakikataa. Flashi haihitaji cheti cha seva, ndiyo maana ilipita. Na betri yenyewe haifikii bei ya chipsi mayai!

Laiti hasara ingeishia kwenye swichi. Mapema siku hiyo, akitafuta nafasi ya kufanyia kazi, fundi alichomoa kompyuta ya ofisi ya taaluma, ambayo hakuagizwa kuigusa. Kuiwasha tena: kioo cha bluu, 0x0000007B. Namba hiyo husema Windows imeshindwa kuifikia diski inayowakia; haisemi diski imekufa. Betri ya humo nayo ilikuwa imekwisha, kwa hiyo umeme ulipokatika mipangilio ikarudi ya kiwandani, na diski iliyokuwa ikisomwa kwa AHCI ikaanza kusomwa kwa IDE. Kurudisha kipengele hicho kimoja kungetosha.

“Windows imeoza, Mwalimu. Niipige upya?”

“Wewe ndiye fundi.”

Akafomati, bila kuuliza mle ndani mna nini, wala diski haikufungwa kwenye mashine nyingine ili data zihamishwe kwanza. Alama za mitihani ya ndani zilikuwa humo tu. Sasa ofisi ya taaluma inazikusanya upya kutoka kwenye madaftari ya walimu, na wawili kati yao walishahamia Ifakara.