Dondo Lisilong'aa

Siku za bamvua maji ya Jambiani hutoka mpaka kule mwambani, na kina mama hupita na vyuma vyao kwenda kuchokoa pweza. Mimi huwafuata nyuma na mkoba wa ukili na daftari. Wao wakirudi na kitoweo, mimi hurudi na kipande cha tumbawe, mfupa wa ngisi, au kijiti kilicholambwa na chumvi hadi kikawa laini. "Mwalimu, leo umevua nini?" huniuliza, wakicheka.

Vitu hivyo huvichora kwa rangi za maji. Kilichonisumbua kuliko vyote ni dondo, lile gamba la konokono wa baharini.

Nililijua tangu utotoni. Fundi cherehani wa mtaani kwetu alikuwa nalo mezani, akilipitisha juu ya mshono hadi ulale. Lilikuwa na madoa kama ya chui, linateleza mkononi kama sahani iliyooshwa sasa hivi. Nilipoanza kuchora nikalitaka kama lile, na ufukweni sikulipata. Niliyookota yalikuwa yamechujuka, yamekwaruzwa na mchanga, mengine yametoboka mgongoni. Nikanunua moja kwa mchuuzi, linameta, nikalichora wiki nzima.

Baadaye ndipo nilipojua. Dondo likiwa hai, mnyama aliyemo hutoa ngozi yake nje akalifunika gamba, na ngozi hiyo ndiyo inayolijenga na kuulinda mng'aro wake. Akifa, gamba hubaki uchi mbele ya jua na mchanga. Basi lile linalometa mezani kwa mchuuzi, aghalabu, halikuokotwa. Lilitolewa majini likiwa na mwenyewe ndani, akauawa ili nyumba yake ipendeze. Mchuuzi simlaumu sana. Mnunuzi nilikuwa mimi.

Tangu hapo nachora yaliyochujuka, na si kazi nyepesi. Dondo kuukuu likilowa, madoa hurudi ghafla, ya zambarau na ya udongo. Upepo wa kusi ukilipuliza kidogo tu, limekuwa kijivu tena. Macho yameona yote mawili, na mkono kila mara unakimbilia lile lililolowa.

Mteja mmoja alisimama muda mrefu mbele ya picha yangu ya dondo moja kama hilo. "Nzuri, Mwalimu, lakini mbona limefifia? Huwezi kulitia vanishi?"

Naweza. Mchoraji Edward Saidi Tingatinga alichora kwa rangi ya baiskeli, na chui wake wanameremeta. Sioni kosa hapo: mng'aro ule ni wa kopo la rangi, hakuna kiumbe aliyenyang'anywa. Ila dondo langu lina tundu mgongoni na mikwaruzo niliyoihesabu mmoja mmoja. Nikilimetesha, nitakuwa nimechora lile la mchuuzi.

Mteja akachukua picha ya ngalawa. Ile ya dondo ipo ukutani kwangu, na dondo lenyewe liko dirishani, chini yake. Mjukuu wangu akija hulitia mate, akaliinua juani haraka kabla halijakauka.