MTOTO AKINGALI GIZANI

Apitaye asubuhi katika mitaa ya Kariakoo, Kongo na Mkunguni, Swahili na Msimbazi, huwaona akina mama waja wazito wengi. Huyu ana beseni la ndizi kichwani, yule amesimama mbele ya meza ya vitenge tangu alfajiri. Tumbo likionekana watu humpisha njia, na hiyo ni adabu njema. Lakini leo twataka kusema juu ya mama ambaye tumbo lake halijaonekana, maana huyo ndiye tunayemsahau.

Wengi wetu tuna desturi ya kuficha mimba changa. Wengine huogopa husuda, wengine huona haya, na wengine husema, "Ngoja kwanza ikae." Basi mama huenda kliniki mwezi wa tano au wa sita. Lakini kazi ya Muumba haingoji mwezi wa tano. Wiki tatu hivi tangu mimba kutungwa, moyo wa mtoto umekwisha kuanza kupiga. Kufika siku ya 28, mfereji utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo huwa umejifunga, au umekosa kujifunga. Na siku hizo mama mwenyewe huenda ndiyo kwanza ashuku kuwa amekosa damu ya mwezi. Wiki ya nane viungo vyote vikubwa vimeanzwa, na mtoto hana urefu upitao sentimita 3 hivi. Miezi iliyobaki ni ya kukua na kukomaa. Twasema, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo". Basi na tujue ya kuwa malezi huanza gizani.

Haya si mambo ya vitabu tu. Mjini humu humu, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, madaktari huwapasua watoto waliozaliwa na mgongo wazi, na wenye vichwa vilivyojaa maji. Sababu za mgongo wazi si moja, wala asiwepo wa kumlaumu mzazi. Lakini sababu mojawapo ijulikanayo sana ni upungufu wa vitamini iitwayo foliki. Hiyo imo katika mchicha, maharagwe na machungwa, navyo vyajaa sokoni. Hata hivyo chakula peke yake mara nyingi hakitoshi, na kwa hiyo waganga hushauri kidonge cha kila siku, tangu kabla ya mimba hadi mwezi wa tatu. Tangu mwaka 2011 kanuni za nchi zaviagiza viwanda vikubwa vitie foliki katika unga. Lakini sembe ya mashine ndogo za mtaani mara nyingi haina.

Pale pale sokoni huuzwa pia udongo wa kula, nao akina mama waja wazito huutamani. Hatuwacheki. Lakini udongo huo huzuia mwili usipate madini ya chuma, na damu hupungua. Tena huweza kuwa na mayai ya minyoo na hata risasi. Afadhali dagaa na matembele, na chai isubiri kidogo baada ya chakula. Pombe na tumbaku ziachwe kabisa, wala dawa yoyote, ya duka au ya miti, isinywewe bila kumwuliza mganga wa kliniki. Mama alale ndani ya chandarua, na kuanzia mwezi wa nne ameze dawa ya kuzuia malaria apewayo kliniki. Akiona damu, au kichwa kikimwuma sana na macho kuona ukungu, au mtoto akiacha kucheza, asingoje kesho.

Jitihada hizi zina matunda. Uchunguzi wa taifa wa 2015-16 ulikadiria vifo vya akina mama 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikadiria 104. Twamshukuru Mungu na wakunga wetu. Lakini hata hao 104 kila mmoja alikuwa na jina, na wengi waliacha yatima.

Sasa twasema nanyi, enyi akina baba. Injili ya Luka yatueleza jinsi Bikira Maria alivyokwenda kwa haraka kwa jamaa yake Elizabeti, aliyekuwa na mimba ya miezi sita, akakaa naye kama miezi mitatu. Hakungoja kuitwa. Basi mume naye asingoje kuitwa: ampeleke mkewe kliniki kabla ya wiki ya 12, apimwe pamoja naye, aweke nauli ya usiku wa uchungu, ampokee beseni kichwani. Mtoto bado hajaonekana, lakini yupo, na sehemu kubwa ya mwili wake yaumbwa sasa. Amheshimuye mama yake leo ndiye amheshimuye yeye.