Ni Nani Anayeunga Utumbo?

Uzi hauungi utumbo. Huzishikilia tu kingo mbili mpaka mwili uzishikanishe wenyewe. Utumbo mpana ukijisokota na kufa, jambo ambalo madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki hulikuta mara kwa mara, kipande kilichoharibika hukatwa, na sehemu zilizobaki huunganishwa ncha kwa ncha, ubavu kwa ubavu, au ncha kwa ubavu. Mshono huwa wa safu moja au mbili. Penye uwezo hutumika mashine ya pini. Tangu Mfaransa Antoine Lembert alipoeleza mshono wake mwaka 1826, inajulikana kwamba utando wa nje ukikutanishwa na wa nje hushikana vizuri. Hata hivyo, siku tatu nne za mwanzo kiungo hudhoofika, kwa kuwa mwili huyeyusha kolajeni ya zamani kabla ya kujenga mpya.

Basi mgonjwa akirudi salama nyumbani kwake, sifa ni ya nani? Kanisani na msikitini jibu ni moja: Mungu ameponya. Wanafalsafa hawakukubaliana juu ya namna. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alishikilia kwamba moto hauchomi pamba kwa nguvu yake. Mungu ndiye anayeumba kuungua, kwa desturi aliyoiweka. Ibn Rushd alimjibu kwamba anayekana visababishi anakana elimu yenyewe. Thomas Akwino naye, katika karne ya 13, alifundisha kwamba Mungu hutenda kupitia visababishi alivyoviumba, navyo ni visababishi kweli.

Utumbo unawapa nguvu hawa wawili wa mwisho. Kiungo kina masharti: damu ifike kwenye kingo zote mbili, na kingo zisivutane. Masharti hayo hayajali dini ya mgonjwa, na ndiyo wanayofundishwa madaktari wanaojiandaa kwa mitihani ya COSECSA, chuo cha upasuaji chenye makao yake Arusha. Yakikosekana, ncha ya juu hutolewa kupitia ukuta wa tumbo na kinyesi hupokelewa kwenye mfuko, njia aliyoieleza Henri Hartmann mwaka 1921. Hilo si upungufu wa imani. Wanazuoni wa Kiislamu humhesabu mwenye mfuko huo kuwa na udhuru, na sala yake ni sahihi. Lakini mshono uliovuja kwa sababu kingo zilivutwa kupita kiasi usiitwe mapenzi ya Mungu kabla haujachunguzwa.